Hema Moja na Mkwe Wangu

Chelang'at, wewe una akili kweli? Umetulipia mimi na mume wako Kiprono safari ya kuangalia ndege msituni, halafu unatufungashia hema moja! Tangu lini mama mkwe akalala chini ya paa moja na mkwe wake, hata kama paa hilo ni la kitambaa?

Kiprono kuona hivyo akachukua blanketi akaenda kulala chini ya mti. Na mvua ya Kericho unaijua.

Asubuhi nikakuta wageni wamejaa hapo na darubini zao. Ndege mkubwa wa bluu amekaa juu ya mti huo huo. Kijana wa kutembeza wageni ananiambia kama bibi yake, "Gogo, nyamaza, ataruka." Ninyamaze, na ndege anamnyea mkwe wangu kichwani? Nikapiga kelele. Ndege akaenda, wageni wakaninunia, Kiprono akaamka akikohoa.

Hajalalamika hata kidogo. Ananiletea chai, anaiweka mbali kwa heshima. Mume kama huyo hutapata mwingine, na wajukuu wangu wanamhitaji. Mungu akubariki, mwanangu, akuongezee na kichwa.

Dereva wa gari la maziwa ndiye anakuletea kadi hii. Usimwache arudi bila hema la pili.