Darubini ya Mara Nne

Jumapili, 3 Agosti 2025

Mulama, huu mdomo utakuzika! Leo nimefika Chakol kwa kina Akiteng mara ya kwanza. Si posa bado, ni baba yake tu anione. Mzee Emukule. Mrefu, mkimya, anakuangalia mpaka unakumbuka hujachana nywele. Baada ya chai akatoa bunduki yake ya upepo, ile ya springi, unaivunja katikati ndipo utie risasi. Cheti chake pia akakitoa, hata sijauliza. Anapigia panya wa ghalani, na makopo siku ya Jumapili wakitoka misa. Lakini macho yamechoka. Anasema kile chuma cha kulengea siku hizi kinaota ndevu. Anataka darubini ya kufunga juu. Akauliza, nani anajua hivi vitu?

Na mimi nikajibu nini? "Mzee, hiyo niachie. Lenzi ndiyo kazi yangu." Lenzi ndiyo kazi yangu! Mtu napiga picha za paspoti Burumba! Kazi yangu ni kuambia watu wasicheke!

Akasema vizuri, Jumamosi niilete. Tukimaliza ya darubini ndipo tutaongea ya msichana. Akiteng akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu. Mama yake sikumwona, na sitakiwi kumwona. Mkwe na mama mkwe hawaonani mpaka mambo ya heshima yakamilike. Kwao ni hivyo, na kwetu Namboboto ni hivyo hivyo. Nilisikia tu sauti yake jikoni ikicheka. Sauti nzito, tamu. Nadhani alikuwa ananicheka mimi.

Nina furaha kama mwehu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata! Hapa hapa Busia, kwa Mganda mmoja muuza vyuma vya mitumba. Ndefu kama mkono wangu, kioo cha mbele kama sahani ya kikombe. Inakuza mara kumi na sita! Akaniambia, "Ssebo, bwana wangu, na hii utaona hata dhambi za jirani." Nikaipima barabarani. Nikasoma maandishi kwenye kofia ya bodaboda aliyekuwa mbali kule, upande wa pili. Banange! Sikubembeleza bei hata kidogo, mama yangu akisikia atanikana.

Imelala kitandani kando yangu. Akiteng kwa simu ameuliza ninaoa yeye au ninaoa hiyo bomba.

Jumatano, 6 Agosti

Aki. Aki. Aki.

Jirani yangu Ogutu, wa kwaya, ana bunduki kama ya Mzee, ya springi, na cheti, na ua lenye ukuta mrefu nyuma. Tukafunga darubini yangu juu. Bunduki ikawa nzito kama gunia la mahindi mabichi. Tukaweka kopo la maziwa ukutani. Naangalia — ukungu! Mbali inaona mpaka Uganda, hapa karibu inaona wingu jeupe. Halafu ule msalaba wa kulengea ndani ya kioo hautulii. Nikishika pumzi, unaruka. Nikiegemea, unaruka. Ndipo nikaelewa: ni moyo wangu! Mara kumi na sita! Moyo ukisema pu, msalaba umetoka kwenye kopo umefika bafuni.

Nikapiga hivyo hivyo. Nilijua bunduki inarusha teke nyuma. Hii ya springi inarusha nyuma, halafu springi ikigonga mwisho inarusha mbele tena. Mateke mawili! Risasi chache tu, kitu ndani ya darubini kikalia kwaraa. Naangalia: msalaba umelala. Ulikuwa kama ule wa kanisani, sasa ni X. Ogutu akaangalia, akasema pole ndugu, huo sasa ni wa Mtakatifu Andrea.

Tulicheka mpaka mke wake akatoka na mwiko mkononi kuuliza nani amekufa. Yule Mganda hayuko tena pale alipokuwa. Wacha iende. Lakini Jumamosi ni kesho kutwa kesho yake!

Alhamisi, 7 Agosti

Nimesoma kwa simu siku nzima, wateja wamepanga foleni. Mama mmoja nimempiga picha bila kichwa. Kupotea njia ndiko kujua njia: kwa springi, ukubwa si kitu. Iwe fupi. Iwe nyepesi. Ikuze kidogo tu, kwa sababu panya wa ghala hayuko Kampala. Ione vizuri karibu. Na kiboksi kiseme wazi imetengenezwa kuvumilia springi.

Nimeogopa kidogo leo, niseme ukweli. Akiteng amesema baba yake hajawahi kumpa mtu kazi mara mbili. Yule wa kwanza aliyemposa alitumwa kamba ya ng'ombe, akaleta ya katani iliyooza. Hakuitwa tena. Nampenda huyu msichana jamani.

Ijumaa, 8 Agosti

Malaba. Duka la Rosebella, anauza ndoano, tochi, darubini za kila aina. Akaweka mbili mezani. Moja inapanda kutoka mara tatu mpaka tisa. Ya pili ni mara nne tu, haipandi, haishuki, fupi kama kipande cha muhogo. Rosebella akasisitiza ile ya tisa. Boss, mwanaume kamili hanunui nne! Nikamwambia mwanaume kamili amejifunza juzi.

Nikatoka nayo mlangoni nikaangalia foleni ya malori. Woi! Kila kitu kiko ndani! Sioni kipande cha mtu, naona mtu mzima na dunia yake. Dereva anakula chapati. Turnboy wake anamwibia kipande. Mbuzi anamwangalia turnboy. Vyote mara moja, vimetulia, na moyo wangu hata hauonekani! Nilikaa hapo nikicheka peke yangu mpaka Rosebella akauliza nanunua au nakodisha.

Nimenunua. Ni nzuri mno. Nimeibusu, hakuna aliyeona.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika hapa hapa uwanjani kwa Mzee, kwenye stuli. Allan, kaka yake Akiteng, anafikiri napiga hesabu ya ng'ombe.

Ilianza vizuri! Mzee aliishika darubini mkononi, bado haijafungwa kwa bunduki, akaangalia. Akasema naona ghala. Akasema naona kufuli. Akatabasamu — meno yote! Akanirudishia, akasema fundi, hebu hakikisha msalaba umesimama sawa.

Nikaangalia. Ghala, sawa. Kufuli, sawa. Kuku. Na pembeni, kwa sababu hii kitu inaona upana wote, akaingia mama mwenye leso ya kijani, ungo wa njugu kichwani, anacheka. Mrembo kama Akiteng kabisa! Na mimi, mjinga, sikutoa jicho. Nikamfuata mpaka mlangoni. Na ile ya mara kumi na sita ningeona kufuli tu!

Allan akapiga kelele: amemwona mama! Ungo chini, njugu kila mahali, mama ndani mbio.

Mzee Eriaku, ndugu yake Mzee Emukule, akasema jicho ni jicho, huyu ametukosea. Allan akasema hapana, kwa kioo si kuona, ni kama televisheni. Wakabishana. Mzee Emukule aliiacha chai yake mpaka ikashika utando. Akiteng alijifunika uso, mabega yanatikisika, na sikujua analia au anacheka. Niliona kila kitu kimeisha. Nilitaka kuingia ghalani nikae na panya.

Halafu sauti ile nzito, kutoka dirisha la jikoni. Haikunisemesha mimi. Mzee, mwambie huyo mtoto wa watu, kama ameniona kwa kioo, basi kioo kije huku na mimi nimwone. Tuwe sawa.

Akiteng akaipeleka imefunikwa kitambaa. Nikasimamishwa karibu na ghala. Mwambie avue kofia. Mwambie ageuke. Ageuke tena. Ndani wanawake wanacheka, Mzee Eriaku naye anakohoa kikohozi cha uongo.

Nimeruhusiwa kukaa. Muda umepita. Mzee ameomba darubini yake, anataka kuifunga jua likiwa bado juu. Jikoni wakasema bado. Sasa hivi ameomba mara ya pili, na nimesikia jibu kwa masikio yangu, pazia likisogea kidogo:

"Nimesema ngoja. Bado namwangalia."