Zamu Yako Kwenye Kaseti

Pongwe, Jumapili

Dada Najat,

Asalaam aleikum. Msalimie shemeji Fanueli, kimyakimya kama kawaida. Sikupigii simu kwa kuwa Mama yuko hapahapa sebuleni. Barua nitampa konda wa basi la Maramba.

Dada, ile kaseti yetu ya nyimbo za filamu ya Kihindi, yenye picha ya bwana harusi juu ya farasi, nimeipata! Ilikuwa kwenye droo ya cherehani! Fundi redio wa Barabara ya Kumi na Nne ameunga utepe, na inalia utadhani imenunuliwa jana. Nyimbo zote nane! Nimecheza mpaka kanga ikanidondoka.

Basi ukafika ule wimbo mliokuwa mkiimba kwa kupokezana wewe na Mama. Mama huyu, ambaye tangu uolewe kule kanisani haimbi hata jikoni, akaacha kuchambua mchele, akaanza sehemu ya mwanamume kwa Kihindi chenu kilekile msichokijua maana. Ilipofika zamu ya msichana, nikaingia mimi kwa mbwembwe. Alinikata jicho hilo!

"Hiyo si yako."

Akanyamaza mpaka sehemu yako ikapita, ndipo akaendelea na yake. Ameurudisha wimbo mara tatu, na kila mara ananyamaza palepale.

Jina lako hakulitaja. Lakini asubuhi hii kaniuliza, huku amenipa mgongo, basi la kutoka Maramba siku hizi linafika saa ngapi.

Nimemwambia saa tano. Dada, usinifanye niwe mwongo.

Mdogo wako,
Zuleha