Bibi Asiyeitikia Hodi

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Asubuhi mawingu, joto, mvua imegoma. Nimefagia, nimechemsha chai. Dieter hakunywa. Leo majirani wameujaribu mchezo wake wa kompyuta. Ujana wake wote huko Ujerumani aliwatengenezea wengine michezo. Kampuni ikafungwa, tukaoana, tukahamia hapa Mpanda. Huu ndio wa kwanza ulio wake mwenyewe. Ukikataliwa anarudi kwao kutafuta kazi, mimi nabaki na mama mgonjwa. Naogopa.

Kwenye mchezo unatembea kijijini, unaingia nyumba ya bibi aliyekaa kibarazani. Hadithi inaanzia ndani. Jirani yetu Mama Neema alifika mlangoni, akaiambia skrini hodi. Mara tatu. Kimya. Akasukuma kiti nyuma.

"Hawapo. Tutarudi."

"Bonyeza tu, ingia," Dieter akasema.

"Shemeji! Niingie nyumba ya watu hivihivi? Na huyu bibi yako ni kiziwi?"

Watu wakacheka. Wote waliishia pale mlangoni. Dieter hakucheka.

Jumatano, 6 Novemba
Joto lilelile. Kampuni iliyotaka kuuza mchezo imemwandikia: hauna uhai, hawautaki. Tangu jana yuko chumba cha kazi, mlango umefungwa. Nimepiga hodi mara tatu. Hakuitika. Nimerudi jikoni na sahani yake. Mlango ule hauna hata komeo. Ningeusukuma. Sikuweza.

Ijumaa, 8 Novemba
Mvua ya kwanza. Haijanifurahisha. Dieter ametoka, ndevu zimemjaa. Amekubali kazi Ujerumani, programu za benki. Anaondoka kesho.

Nilimuuliza kwa nini alininyamazia. Akasema alikuwa ananisubiri niingie. Muda wote ule. Kwao mlango usio na komeo unasukumwa tu. Na mimi nilikuwa jikoni, nasubiri kukaribishwa. Namchukia. Najichukia zaidi.

Baadaye ameleta kinasa sauti, ameniomba niseme: karibu, pita ndani. Nikadhani amechanganyikiwa. Nimesema.

Jumapili, 10 Novemba
Manyunyu tangu alfajiri. Ameondoka jana na basi la Tabora. Kanisani sikwenda. Mama amekunywa uji kidogo.

Mama Neema amekuja jioni, akanilazimisha nikae kwenye kompyuta aliyoiacha Dieter. Bibi yuko palepale kibarazani. Nikasema hodi, nikabonyeza.

"Karibu, pita ndani."

Sauti yangu. Imekauka.

"Kumbe wapo!" Mama Neema akapiga makofi.

Tumeingia. Ndani kuna meza yetu, chupa ya chai, vikombe viwili. Kingine hakuna. Dieter hakuwahi kumaliza.

Mama Neema ameenda kwake. Kompyuta nimeiacha inawaka. Nalala sasa, saa nne na nusu.