Mwalimu Sefu Lumbwe na Zamu ya Nne

Leo mwaka umetimia, Papa, tangu homa ikutoe mikononi mwetu hapa Kalemie, tarehe 14 Februari 1984.

Ulifundisha dini ya Kiislamu miaka kumi na moja, wala hukushika fimbo. Watoto uliwakalisha wanne wanne. Kila mmoja alisoma kipande chake cha somo, kisha akawafundisha wenzake. Wazee wa msikiti walikuuliza, "Mutoto atamufundisha nini mutoto mwenzake?" Ukajibu kwa upole, "Mwenye kufundisha njo yeye mwenye kujua." Jioni ulirudi na chaki kwenye kanzu, Mama Mwamini akanung'unika, ukacheka.

Kundi moja lilikuwa na watoto watatu tu. Wa nne wao ulikuwa wewe.

Somo lako la mwisho lilikuwa haki za jirani: mwenye njaa, mgonjwa, wa dini nyingine, na aliyekufa. Ulitoa vipande vitatu. Cha nne ulisema utakitoa kesho yake, ukaanguka na homa. Kaye yako, daftari ulimokiandika, tuliifungia sandukuni.

Wiki moja baada ya mazishi, Papa Pontien, mukubwa wa masomo pale shuleni, alipita darasani saa nne asubuhi. Watatu wale walikuwa wamenyamaza, wameelekea nafasi tupu. Wakatikisa kichwa kukubali. Wakaandika.

"Munasikiliza nani?"

"Mwalimu. Ni zamu yake," alijibu Zaina, mmoja wao, bila woga.

Papa Pontien alituletea karatasi yao. Tulifungua sanduku, tukalinganisha na kaye. Neno kwa neno: "Jirani akifa, sindikiza jeneja lake, na usiharakishe kugeuka." Hata jeneza waliandika "jeneja", kama ulivyozoea kukosea.

Sheikh alikuja kutusomea dua. Hatukujua tuombe nini: urudi, ama upumzike.

Mpaka leo wanakuachia zamu.

Binti yako Feza amerudi kutoka kwa shangazi yake kule Kongolo. Wiki ijayo anaanza masomo, na Papa Pontien amemuweka na watatu wale. Juzi, tukila, aliuliza, "Nikikaa pale, Papa atakaa wapi?" Mama yake alirudisha tonge kwenye sahani.

Tunaokukumbuka ni mke wako Mwamini, watoto wako Feza na Amuri, na dada yako Zuhura wa Kongolo.

Pumzika, Papa. Hatutakusahau hata ukipumzika.