Majina Matatu Mstari Mmoja

Baba Zawadi, mume wangu,

Bado naipita ile kona ya Sharpstown, hapa Houston, ulikokuwa ukitundika karatasi zako za kujaribia herufi kwenye uzio wa fleti zetu. Ulikuwa unanipa funguo za gari: "Zunguka, u-drive kawaida tu. Ukifika kwenye taa, soma." Nikisoma kabla taa haijawa kijani, unarukaruka pale kando ya barabara mpaka majirani wanachungulia. Nikishindwa, yanalaumiwa macho yangu. Hata miwani hii niliivaa kwa ajili ya herufi zako!

Yote yalianzia kwenye bango la harusi ya mpwa wako kule Dallas. Mchapaji alisema majina matatu ya bibi harusi hayaenei, akalikata jina la babu. Ulirudi Houston njia nzima umenuna. "Babu wa watu anakatwaje? Bango haliongezeki upana. Basi herufi zipunguze kiuno." Ukaanza kuchora za kwako mwenyewe: ndefu, nene, zimesogeleana, hazina vimkia wala madoido.

Zawadi, binti yetu, alichungulia kompyuta akacheka. "Baba, they're so squished!"

"Wamebanana, mwanangu, lakini wote wameingia."

Nami nikacheka, maana wiki hiyo sebuleni kwetu wageni walikuwa wamelala hadi mlangoni.

Nilidhani kazi yako ni ule weusi. Kumbe ulikuwa unahangaikia weupe: kile kitundu cha ndani ya e, ambacho kikiziba kidogo tu, kwa mbali mtu anaona o. Jioni nzima kwa kitundu! Niliionea wivu hiyo e, leo nakwambia wazi. Baadaye nikaanza kuziona herufi zako kwenye mabango ya kanisa, kwenye jezi za vijana, juu ya mlango wa duka la unga na dagaa, na wivu ukaisha.

Ulipofariki, kina mama wa kamati ya msiba walikuja na bango walilokwisha kulipanga: maua, herufi za kujipindapinda, majina yako mawili. "Mama Zawadi, zile za kwake zinapiga kelele, dada. Za msiba huwa za upole." Sikuwa na nguvu hata ya kushika kikombe, lakini kwa hilo nilisimama. Nikasema mume wangu hakatwi. Zawadi akafungua kompyuta yako, akaandika kwa herufi zako, na majina yote matatu yakaenea mstari mmoja.

Tulilitundika kwenye uzio uleule, ili wanaotoka Pearland na Dallas waione nyumba ya msiba. Asubuhi ya ibada walinikataza kuendesha, nikaendesha. Taa ikawa nyekundu. Nikasoma jina lako, la baba yako, la babu yako. Nilimaliza mapema, mume wangu, ungeruka. Nikarudia, nikarudia tena. Nyuma yangu wakaanza kupiga honi. Taa ilikuwa kijani kitambo, nami sikutaka kuondoka.

Pumzika, Baba Zawadi. Unasomeka.

Mkeo,
Mama Zawadi