Mpira wa Tyubu Kwenye Sahani

Vikram bhai,

Chai iko kwenye chupa. Gari lako la michezo usiliguse. Ufunguo ninao mimi.

Miezi miwili umetuambia usukani unatetemeka kwa sababu gari ni jepesi, ukalipakia nyuma gunia la sukari ya duka letu eti litulie. Leo asubuhi nimeliinua kwa jeki, nikatikisa gurudumu la mbele, likacheza kama jino bovu. Boljointi inayolishika imekwisha, nawe umeifunga kwa mpira wa tyubu! Kisha Jumapili ukampeleka Mama yetu hadi Sironga kwa gari hilo. Kinyaa kimenishika.

~~Mama sitamwambia.~~ Nimemwambia. Leo amepanda teksi.

Rudisha sukari dukani. Mpira wako nimeuweka kwenye sahani yako. Utazame ukila.

Dada yako, mwenye diploma ya ufundi wa magari unayoicheka