Aliyefungua mlango

Kerensa rafiki yangu, mbona hupokei simu? Basi nakuandikia. Nimejifungia chooni hapa chuoni.

Jana Imogen, yule ninayeishi naye bwenini, aliiona madhabahu yangu ndogo ya miungu ya kale dirishani. Akaniuliza mbele ya wenzetu wote jikoni, "We mchawi, unamroga nani?" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka nao, Kerensa.

Leo saa kumi ulikuwa mkutano wa kwanza wa chama cha Wapagani, sisi tunaoabudu miungu hiyo. Nimekaa peke yangu dakika arobaini, viti vyote vitupu. Nilishaanza kumwandikia mama kwamba chuo kimenishinda, narudi nyumbani.

Mlango ukafunguliwa. Imogen. Imogen yuleyule.

Nilidhani amenifuata anicheke tena. Kumbe uso umemwiva kwa aibu. Akasema, "Tafadhali, usiwaambie."

"Nisiwaambie nini?"

Akatoa mkufu ndani ya sweta, una kinyundo cha Thor, mungu wa radi, alama ya Wapagani wenzetu. "Alinipa bibi. Jana nilikucheka ili wasinitazame mimi."

Nikakimbilia huku chooni.

Nadhani bado ananisubiri kule mkutanoni. Chuo kizima sina mwingine ila huyo aliyenicheka. Nanawa uso, narudi.